Pengo Kwanza, Kizingiti Baadaye

Ingieni ndani nyie wa mlangoni, feni ni moja na iko huku. Wa mwaka jana naona mnacheka: "Mzee na rezista zake mbili." Chekeni, bodi zenu bado zinarudi mezani kwangu.

Leo ni kuzima taa kabla betri haijaisha: rezista mbili zinaiambia chipu ya regyuleta iwashe kwenye volti ngapi na izime kwenye ngapi. Kila moja ya volti hizo ni kizingiti, tofauti yao ndiyo pengo. Kuna anayewaza kwamba chipu ina ulinzi wake wa ndani. Inao. Hii ninayofundishia hujizima volti zikishuka karibu na 3.5. Betri ya volti 12 ikifika 3.5 unalinda nini, maiti?

Tandahimba, ghala la korosho. Taa ya wati 20, betri kule mlangoni, waya wa milimita za mraba 1.5, mita 10 kwenda na 10 kurudi. Usiku ukiingia sana taa inacheza, inawaka inazima. Mwenye ghala kalaumu betri, kanunua nyingine. Ikacheza vilevile. Mimi mita nikaiweka kwenye bodi, si kwenye betri. Taa ikizima, 11.9. Ikiwaka, 11.5. Waya ule una omu 0.24 hivi, pitisha ampea 1.7, volti 0.4 zimeliwa njiani. Na fundi kaweka kuwasha 11.8, kuzima 11.6! Itatulia vipi? Ikiwaka inajizima, ikizima inajiwasha, mpaka asubuhi.

Wala msiseme ampea hazibadiliki. Regyuleta ya kuswichi, yaani hii chipu inayoilisha taa, inadai wati zake zilezile: kwenye volti 12 inavuta ampea 1.7, kwenye 10 inavuta 2. Betri inavyochoka ndivyo inavyokamuliwa.

Basi pengo kwanza. Mguu wa kuwashia wa chipu hii unaitika kwenye volti 1.25. Wenyewe unatoa maikroampea 1, na ukishawaka unaongeza 3. Hizo 3 ndizo pengo lenu. Nataka volti 0.9, zaidi ya zile 0.4 zinazoliwa na waya: gawa kwa maikroampea 3, rezista ya juu, ya kutoka chanya hadi mguu huo, ni kilo-omu 300. Ya chini, ya kutoka mguu hadi ardhi, yaani hasi, weka 33. Inawaka kwenye 12.3, inazima kwenye 11.4. Chipu nyingine ina namba zake, fungua karatasi yake usome, usinikariri mimi.

Naonyeshwa saa. Haya: mguu huo usiupe volti 12 moja kwa moja kabla hujasoma unavumilia ngapi. Kapasita ndogo kwenda ardhi, sawa. Na nyie wa Mikindani, chumvi ya bahari ikilala juu ya bodi inavujisha maikroampea, na hapa tunahesabu maikroampea. Pakeni vanishi. Asilimia za rezista, yaani inavyoweza kukosea namba yake, wiki ijayo.