Marekebisho ya Hati: Andika na Sababu

Ndugu waandishi wa miongozo, nashukuru mmefika.

Kila badiliko katika hati lina maswali matatu: nani kabadilisha, kabadilisha nini, na kwa nini. Mawili ya kwanza programu zinayajibu vizuri sana. La tatu haziliwezi, na ndilo linalotusumbua. Kuita faili "mwongozo_mpya_2" hakujibu hata moja.

Wengi hapa mnatumia Word, basi tuanzie hapo. Washeni Track Changes, yaani sehemu ya Word inayoweka alama kwenye kila badiliko, kabla rasimu haijatoka mikononi mwenu, na muifunge kwa nenosiri ili mtu asiizime. Hati ikirudi bila alama yoyote, usipoteze siku ukisoma mstari kwa mstari. Nenda kwenye Review, chagua Compare, ipe nakala ya zamani na mpya. Itakuonyesha tofauti zote. Ondoa tiki ya ulinganishi wa mapambo ya maandishi, la sivyo mabadiliko ya fonti yatakuzibia yale ya maana. LibreOffice Writer nayo inalinganisha hati, na ni ya bure.

Hapa nawaomba sana mnisikilize: kuficha alama si kuzifuta. Ukichagua mwonekano usio na alama, hati inapendeza, lakini sentensi ulizokata bado zimo. Mteja akibofya mara moja tu anaziona zote, pamoja na maoni mliyoandikiana. Kubali au kataa kila badiliko, futa maoni, ndipo utume.

Sasa Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Linus Torvalds aliiunda mwaka 2005 kwa ajili ya wanaotengeneza kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ila inatufaa sisi pia. Kwa kawaida hulinganisha mistari. Faili la docx, yaani la Word, ni kifurushi kilichobanwa chenye mafaili ya XML ndani, kwa hiyo Git yenyewe haiwezi kukuonyesha sentensi iliyobadilika. Andika kwa maandishi ya kawaida, Markdown kwa mfano (maandishi yenye alama rahisi yanayogeuzwa kuwa hati iliyopangwa), na kila sentensi ipe mstari wake. Msomaji hataona tofauti, maana mistari inayofuatana huunganishwa kuwa aya moja. Wewe mhariri utaona hivi:

- Fungua kifuniko, kisha zima swichi ya betri.
+ Zima swichi ya betri, kisha fungua kifuniko.

Alama ya kutoa ni sentensi ya zamani, ya kujumlisha ni mpya. Aya nzima ingekuwa mstari mmoja, badiliko hili lingejificha ndani yake, nalo ni badiliko la kuokoa mkono wa fundi.

Kila unapohifadhi badiliko, Git itakutaka uandike ujumbe. Wengi huandika "nimerekebisha hatua ya 4". Hilo mistari imeshalisema! Andika: "Nyaya za ndani hubaki na umeme swichi ikiwa haijazimwa, izimwe kwanza." Mwandishi atakayekuja baadaye, akiona sentensi ya zamani ilikuwa laini zaidi, hatathubutu kuirudisha.

Nanyi wa Word msione hili haliwahusu. Sababu iwekeni kwenye maoni ya pembeni wakati wa kuhariri, kisha kabla ya kuyafuta, ihamishieni kwenye jedwali la marekebisho mwanzoni mwa hati: namba ya toleo, tarehe, jina, sababu. Jedwali lenye safu tatu za kwanza tu halijakamilika, na mhariri mkuu ana haki ya kulirudisha.