Kausha Damu ya Chupa

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana.

Mwenyekiti wenu wa kijiwe cha bodaboda ameniomba nizungumzie walevi na stresi. Hilo neno la kwanza naomba tuliweke pembeni leo, maana kuna watu humu ndani likitajwa wanainama. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili. Wengi wanaonijia hawasemi wanapenda pombe, wanasema, "Sista, nikinywa ndiyo natulia." Na ni kweli, wanatulia. Hapo ndipo watoa mawaidha tunapokosea: tunamwambia mtu pombe haimsaidii, naye amejionea jana tu kwamba imemsaidia. Kuanzia hapo hakusikilizi tena.

Inamsaidia kama mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kukamua. Hela unapata leoleo, bila maswali mengi. Naona mnacheka, mnaijua. Basi tuongelee marejesho.

Ubongo una breki na una mafuta, kama pikipiki. Kuna kemikali ya kupunguza kasi, inaitwa GABA, na ipo ya kuongeza, glutameti. Pombe inakaza breki na kubana mafuta, ndiyo maana mabega yanashuka na kelele za kichwani zinapungua. Lakini ukinywa kila siku, miezi na miaka, ubongo nao unajirekebisha: unalegeza breki zake wenyewe na kuachia mafuta zaidi. Sasa pombe ikiisha mwilini saa tisa usiku, umebaki na chombo kisicho na breki, mafuta yote yamefunguka. Unashtuka usingizini. Moyo unakwenda mbio, jasho linakutoka, mikono inatetemeka, unawaza ada ya mtoto na neno alilokwambia shemeji mwaka juzi. Unasema una stresi. Unayo, lakini nusu ya mzigo huo umeuleta mwenyewe na chupa ya jana. Asubuhi unazimua, unatulia, unaapa kwamba pombe ni dawa. Wanaotumia heroini hali kama hiyo wanaiita arosto, na sijamsikia hata mmoja akidai heroini inamtibu.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu watu wanakufa. Anayeamka akitetemeka mpaka anywe, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Anaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za mwanzo, kisha akachanganyikiwa na kuona wadudu ukutani. Familia zinasema karogwa, wengine wanamfungia chumbani. Mpelekeni hospitali. Zipo dawa za kumshusha taratibu, na atapewa vitamini B1, kwani pombe pamoja na kutokula huimaliza mwilini.

Haya, ameacha. Pikipiki bado ni ya bosi, na hesabu, ile hela ya bosi ya kila siku, bado inadaiwa. Machi 2017 serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vipakiti vya plastiki, wapo waliohamia gongo, pombe haramu ya kienyeji, wiki ileile. Shida iliyowapeleka kwenye kiroba ilikuwa haijaguswa. Mtafiti wa Marekani, Alan Marlatt, alichunguza kinachowarudisha watu kwenye pombe, akakuta mara nyingi ni hisia nzito kama huzuni na hasira, ugomvi na mtu wa karibu, au wenzako wanaokwambia "moja tu." Maana yake saa ya hatari inaweza kujulikana kabla haijafika.

Nina mteja mmoja, dereva kama nyie. Saa yake ni kumi na moja jioni, akishapeleka hesabu, kwa sababu njia ya kwa bosi inapita mlangoni mwa baa. Siku hizi hesabu anaituma kwa simu. Anakula kabla ya saa hiyo, maana njaa na uchovu vinafanana sana na hamu ya pombe, na mtu aliyezoea kunywa anaweza kushindwa kuvitofautisha. Hamu ikija hapigani nayo. Inapanda kama wimbi, na mara nyingi ndani ya nusu saa imeshuka, mradi hukuipa kitu. Yeye hiyo nusu saa anaosha pikipiki. Sasa ndiyo safi kuliko zote kijiweni, abiria wanaigombania.

Alianguka mara moja, msibani kwa baba yake. Mwanamume akilia watu wanamtazama, akinywa wanamwelewa. Hilo mtajadili wenyewe. Kesho yake alitaka kuendelea, akisema ameshaharibu, basi bora amalizie. Wengi hawaangushwi na chupa ya kwanza, wanaangushwa na wazo hilo. Mkewe hakumuuliza amekunywa ngapi. Alimuuliza, "Baba nanihii, umekula?" Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu mazishi.

Yule kaka wa nyuma amenyoosha mkono muda mrefu. Mpeni kipaza sauti.