Namna ya kuitambua ndege ya mabomu kwa mchoro wa puani

Habari zenu, watazamaji. Picha mnayoiona kwenye skrini ni ya Vita vya Pili vya Dunia. Ndege kubwa, na puani amechorwa binti aliyevaa nguo ya kuogelea, pembeni yake pameandikwa Memphis Belle. Swali letu leo: hii ni ndege ipi hasa? Wengi wakishasoma jina wanafunga kazi. Mimi nasema jina ni mbwembwe. Daladala zenye jina moja zinaweza kuwa tano mji mmoja, na trafiki hashughuliki na jina, anasoma pleti namba. Ndege nazo zina namba zao, na ndizo tutakazozisaka.

Anza kwa kuiskani picha, dpi (nukta kwa inchi) 600 au zaidi. Kuipiga kwa simu chini ya taa hakufai, mng'ao unakula maandishi. Skani na mgongo wa picha, maana huko ndiko watu walikoandika mahali na tarehe kwa penseli.

Kisha hakikisha picha haijageuzwa. Negativu, yaani filamu ya picha, ikiwekwa nyuma mbele wakati wa kusafisha, kulia huwa kushoto. Kama herufi zinasomeka, uko salama. Kama hazionekani, angalia wanajeshi. Beji ya mabawa huvaliwa kifuani upande wa kushoto, kwa hiyo wewe unayetazama utaiona kuliani kwako. Ikiwa kinyume, igeuze picha kwanza.

Sasa aina ya ndege. Hapa sitakaa sana. Injini nne na mkia mmoja mrefu uliosimama, hiyo ni B-17. Mikia miwili kama sahani na bawa lililopachikwa juu ya kiwiliwili, B-24. Pua ya mviringo yote vioo, B-29. Ukiona kibanda cha bunduki mbili chini ya kidevu cha B-17, mara nyingi hiyo ni B-17G. Memphis Belle yenyewe ni B-17F na kidevuni haina kitu.

Turudi kwa binti wetu, nitamsogeza karibu. Alichorwa na Tony Starcer, mwanajeshi wa kundi la 91 la ndege za mabomu za Marekani pale Bassingbourn, Uingereza, akiiga mchoro wa binti uliochorwa na George Petty na kutoka kwenye jarida la Esquire. Jina lilimlenga Margaret Polk wa Memphis, mchumba wa rubani Robert Morgan. Mabinti ni wawili: upande wa kushoto wa ndege nguo ni ya buluu, upande wa kulia ni nyekundu. Picha ya nyeusi na nyeupe haikuambii rangi, na usibahatishe, kwa sababu baadhi ya filamu za zamani zilitia giza nyekundu na kufifisha buluu. Wewe angalia pua imeelekea wapi. Ikielekea kushoto kwako, unatazama ubavu wa kushoto, basi nguo ni ya buluu.

Chini ya jina kuna safu za mabomu madogo. Kila bomu ni safari moja ya vita. Yahesabu. Safari ya 25 ya Morgan na wenzake ilikuwa tarehe 17 Mei 1943, kwa hiyo picha yenye mabomu 25 haiwezi kuwa ya Aprili.

Halafu nyota ya ubavuni, ambayo ni kalenda nzuri kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1942 Wamarekani walifuta kitone chekundu katikati ya nyota. Juni 1943 wakaiongezea mabawa mawili meupe yenye ukingo mwekundu, na Septemba ukingo ukawa wa buluu.

Sasa nendeni mkiani, kwenye namba yenyewe. Memphis Belle imeandikwa 124485. Tarakimu ya kwanza ni ya mwaka wa bajeti iliyoigharamia, 4 ya mbele imeachwa, kwa hiyo isome 41-24485. Ubavuni kuna DF, herufi za kikosi cha 324, na A ya ndege yenyewe. Picha yako ikiwa na jina hilohilo na binti huyohuyo lakini namba nyingine, hujaipata. Kuna B-17 nyingine iliyopakwa rangi kuiigiza kwa ajili ya filamu ya 1990, na picha zake zinawachanganya watu mpaka leo. Ya kweli iko kwenye makumbusho ya jeshi la anga, Dayton, Ohio.

Kwa ndege za Uingereza, namba iko ubavuni karibu na mkia. Lancaster R5868 ilibeba herufi OL-Q, ikahamia kikosi kingine ikawa PO-S. Herufi zilibadilika, namba ikabaki ileile. Puani waliiandikia majigambo ya Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, kwamba hakuna ndege ya adui itakayoruka juu ya ardhi ya Ujerumani, na pembeni wakapanga mabomu zaidi ya 100. Kejeli ya kijeshi hiyo, naipenda sana.

Na pua tupu isikupoteze. B-29 iliyoidondoshea Nagasaki bomu tarehe 9 Agosti 1945 ilikuwa na namba 77 tu, jina la Bockscar lilichorwa baadaye. Marubani walikuwa wamebadilishana ndege, na taarifa za mwanzo zikaitaja kimakosa The Great Artiste, B-29 nyingine. Ndiyo maana hata kundi la vijana waliosimama mbele ya ndege si ushahidi kwamba ni yao.

Ukishapata namba, itafute kwenye hazina ya mtandaoni ya American Air Museum in Britain, linganisha picha mchoro kwa mchoro, msumari kwa msumari. Namba isipoonekana kabisa, kwenye maelezo ya picha andika "inadhaniwa kuwa" mbele ya jina, na acha nafasi wazi kwa atakayekuja na picha ya mkia.