Maiti ya Mombasa na Saa ya Kifo

Assalamu alaykum, na ahsanteni kwa kuja na jua hili. Walionisikia zamani wanajua ninakoanzia. Nitaanzia papo hapo leo, maana bado halijasikika: saa ya kifo katika riwaya zenu za upelelezi.

Riwaya za Kay Scarpetta, daktari wa maiti wa Patricia Cornwell, zimekuwa zikitoka tangu 1990. Kila kitabu kipya kikifika mjini, vijana huniletea miswada. Daktari amehamia Kisauni, amevaa glavu, amemtia maiti kipimajoto, kisha anatangaza: mwili hupoa digrii moja kwa saa, basi huyu aliuawa saa nne usiku.

Jamani! Hata kwenye baridi kanuni hiyo ni ya kukadiria tu. Mtu aliye hai ana digrii 37 hivi. Mwezi wa tatu, adhuhuri ya Mombasa hufika 33. Maiti hupoa kuelekea joto la hewa inayomzunguka; tofauti ikiwa digrii nne, kipimajoto kitakuambia nini? Mlaze chini ya bati lililopigwa na jua, chumba kikazidi joto la mwili, maiti atapata joto badala ya kupoa. Kukakamaa nako huja mapema na kuondoka mapema. Nzi hawangoji, hutaga mayai siku hiyo hiyo. Mwandishi wa Pwani na aanze na nzi.

Mtaniambia, "Mwalimu, hii ni hadithi, msomaji hapimi digrii." Msomaji wa Mombasa hupima! Amelala bila feni stima zilipopotea. Amenunua samaki asubuhi akamsahau hadi jioni. Ukimdanganya kwenye joto, hatakuamini kwenye muuaji. Cornwell mwenyewe alifanya kazi katika ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Virginia, mjini Richmond, kabla jina lake halijavuma. Aliandika ofisi aliyoijua. Ninyi mmeingia mochari gani?

Na kwetu, ni nani humgusa maiti kwanza? Muislamu huzikwa upesi, mara nyingi siku ile ile. Mara nyingi daktari wa kupasua maiti hamwoni kabisa. Anayemwona ni muosha. Mfikirieni mama mtu mzima wa Kibokoni anamgeuza marehemu ubavu. Moyo ukisimama, damu hushuka upande ulio chini na kuacha doa, na baada ya saa kadhaa doa halihami tena. Huyu wamesema alikufa amelala chali, mbona doa liko kifuani? Mtu amemgeuza. Kwenye ngozi nyeusi doa hilo ni gumu kuliona, lakini mama huyu ameosha wengi. Sasa afanye nini? Sanda imekatwa, wanaume wako nje na jeneza. Akinyamaza, maiti akishazikwa, kumfukua kunataka amri ya mahakama. Hapo una riwaya nzima, na hakuna bastola iliyotoka mfukoni.

Kuna atakayesema ninafanya maiti burudani. Hapana. Kumsitiri maiti ni wajibu, na muosha anaujua kuliko sisi sote hapa. Ndiyo maana kimya chake ni kizito. Kusitiri aibu ya marehemu ni jambo moja, kumsitiri aliyemuua ni jingine, na mama huyu ana muda wa ndoo mbili za maji kuamua lipi ni lipi. Niandikieni huyo. Nimeomba kila mwaka, bado naletewa kipimajoto.

Muda unakwisha. Vinasaba, yaani DNA: katika msitu wa Shakahola, Kilifi, kuanzia 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewahimiza wafunge hadi kufa. Familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Malindi Machi 2024. Watu wa Pwani wanajua kungoja majibu ya DNA ni kitu gani, kwa hivyo asiniandikie mtu majibu yanayorudi kabla chai haijapoa. Kungoja kwenyewe kuwe sura nzima: mama anaulizwa kama simu imelia, jamaa wanagombana kuhusu matanga, na muuaji yuko mtaani anasalimiana na watu.

Nilitaka pia kumweka Scarpetta ubavuni mwa Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya wa Muhammed Said Abdulla, ambaye tangu 1960 anafumbua mafumbo kwa kiko na akili. Hilo linataka siku yake. Alama za vidole sizigusi. Naona mkono kule nyuma, karibu na dirisha. Dada, uliza.