Bure Si Kinga: Hakimiliki na Gemu za Mashabiki

Wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeambiwa wengi wenu humu ndani mnatengeneza gemu, na waliobaki mnazicheza na kuwalaumu wanaozitengeneza. Basi nianze na swali ambalo huulizwa kabla hata sijakaa kitini: "Kama gemu niliyoijenga kutokana na gemu ninayoipenda siiuzi, naitoa bure kwa mashabiki wenzangu, kosa langu liko wapi?"

Liko palepale lilipo la anayeuza. Hakimiliki haikuwekwa ili kukataza watu kupata pesa. Inampa mwenye kazi haki ya kuinakili, kuisambaza, na kutengeneza kazi nyingine kutokana nayo. Ukimchukua mhusika wa mtu, na muziki wake, na ramani zake, ukavitia kwenye gemu yako na kuiweka mtandaoni, haki zote tatu umeshazigusa, na hakuna aliyekuuliza umepata senti ngapi. Pesa huja kuulizwa baadaye, kwenye utetezi.

Utetezi wenyewe ndio huu unaoitwa matumizi ya haki. Ni kanuni ya Marekani, na naizungumzia kwa sababu majukwaa mengi mnakopandisha faili zenu yako chini ya sheria ya huko. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya 1976 kinamtaka jaji apime mambo manne: umeitumia kazi kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umeathiri vipi soko lake. Kutouza kunakusaidia kwenye jambo la kwanza. Kwenye la pili na la tatu hakukusaidii kitu. Kwenye la nne kunaweza hata kukuumiza, maana kitu cha bure ndicho kinachomnyang'anya mwenye duka wateja upesi zaidi.

Tuangalie gemu ya shabiki iitwayo AM2R. Milton Guasti, Muajentina, alitumia karibu miaka 10 kuitengeneza upya Metroid II, gemu ya kampuni ya Nintendo kwa mashine yake ya Game Boy, ambayo ilitoka 1991. Agosti 6, 2016, siku Metroid ilipotimiza miaka 30, akaitoa bure. Waliocheza waliisifu sana. Siku chache tu, notisi za Nintendo za kutaka iondolewe zikaanza kufika kwa waliokuwa wakiihifadhi mtandaoni. Mashabiki wakachachamaa: kampuni imeitelekeza gemu hii miaka yote, leo inamwonea nani wivu? Septemba 2017 Nintendo ikatoa Metroid: Samus Returns kwenye mashine yake ya 3DS, nayo ni gemu ileile ya 1991 iliyotengenezwa upya. Sheria inapopima soko haiangalii tu kilichopo dukani leo. Inaangalia pia soko ambalo mwenye kazi angeweza kuliingia kesho. Mimi binafsi naiona AM2R kuwa kazi ya upendo na ya ufundi wa hali ya juu, na Guasti baadaye aliajiriwa na kampuni ya Moon Studios kwenye gemu ya Ori and the Will of the Wisps. Lakini mbele ya jaji sidhani ingesimama.

Sasa kuna wanaosema, "Mimi sikuchukua hata picha moja, nimetengeneza hatua mpya tu, yaani level." Hawa nawapeleka Marekani, 1998, kwenye kesi ya kampuni ya Micro Star na FormGen, wenye haki za gemu. Gemu ilikuwa Duke Nukem 3D, ambayo ilikuja na kifaa cha kumwezesha mchezaji kujenga hatua zake. Micro Star wakapakua hatua 300 zilizojengwa na wachezaji, wakaziweka kwenye CD, wakauza. Mafaili yale hayakuwa na mchoro wowote ndani yake. Yalikuwa maelekezo matupu: hapa weka ukuta, pale weka adui, kule weka bunduki, na gemu yenyewe ikachota michoro kwenye hazina yake. Mahakama ya Rufani ikasema hata hivyo ni ukiukaji, kwa kuwa hatua hizo zinaendeleza hadithi ya Duke, na kuiendeleza hadithi ni haki ya mwenyewe. Na wale wachezaji waliogawa hatua zao bure? Walikuwa na ruhusa: leseni ya kifaa kile ilitaka hatua mpya zitolewe bure. Kilichowakinga ni leseni, si kutouza kwao.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Gemu za mashabiki zinaishi kwa hiari ya wenye haki. Angalia kampuni ya Sega. Mwaka 2011 waliiondoa Streets of Rage Remake, gemu yao iliyotengenezwa upya na mashabiki, kazi ya miaka 8, siku chache baada ya kutolewa. Kisha Sega haohao wakamchukua Christian Whitehead, shabiki aliyekuwa akitengeneza gemu za Sonic, mhusika wao, kwa mapenzi yake, na 2017 ikatoka Sonic Mania. Sheria haikubadilika katikati. Valve nao, wenye gemu ya Half-Life, waliwaruhusu mashabiki walioitengeneza upya kwa jina la Black Mesa kuiuza kabisa.

Na tafadhali msidanganyane kwamba kampuni hulazimika kushtaki ili isipoteze haki yake. Hilo lina ukweli kidogo kwenye alama za biashara. Hakimiliki haipotei kwa sababu mwenyewe amenyamaza. Kampuni inayokuangalia kwa miaka mitano bila kusema neno haijakupa ruhusa.

Michango je? Mashabiki wa Star Trek walichangisha zaidi ya dola milioni 1 kutengeneza filamu ya Axanar, ambayo ingetolewa bure. Wakashtakiwa, na Januari 2017 jaji akaukataa utetezi wao wa matumizi ya haki, kisha wao na wenye haki za Star Trek wakamalizana nje ya mahakama. Kile kitufe cha "nichangie" mnachokibandika chini ya ukurasa wa kupakua, kitoeni.

Kinyume chake, kundi la rap la 2 Live Crew waliuza wimbo wao wa kudhihaki wimbo wa mtu mwingine, na 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kuuza peke yake hakutoshi kuwaangusha. Ukiidhihaki gemu yenyewe, ukasema jambo juu yake, una hoja hata kama unauza. Ukiirudia tu kwa michoro mizuri zaidi, huna hoja hata ukigawa.

Kanuni za mchezo hazina mwenyewe. Kuruka, kukusanya, kukimbia kwa kasi, vyote ni vya kila mtu. Freedom Planet ilianza ikiwa gemu ya shabiki wa Sonic, mtengenezaji akaweka wahusika wapya, na 2014 ikauzwa bila shida.

Kuna aliyeuliza, akiletewa notisi afanye nini. Marekani unaweza kuipinga, na jukwaa litairudisha gemu yako baada ya siku 10 hadi 14 za kazi iwapo kampuni haijafungua kesi. Ila kuipinga ni kutoa jina lako na anwani yako, kuapa, na kukubali kushtakiwa huko. Fidia iliyowekwa kisheria ni dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na ikionekana ulikusudia hufika 150,000, bila kampuni kuthibitisha hasara hata ya senti moja. Kama ni dhihaka ya kweli, tafuta wakili, muipinge. Kama ni marudio, ishushe siku hiyohiyo, ondoa wahusika na muziki, na injini uliyoiandika kwa mkono wako, yaani programu inayoiendesha gemu, ubaki nayo. Hiyo hawawezi kukudai.