Kabla ya Kurudisha Funguo

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme na walimu na wauguzi wa hapa Lindi mnaokaribia kustaafu. Nianze na funguo. Siku niliyoaga shule nilikabidhi funguo za stoo, nikatia saini, tukala pilau. Miezi mitatu baadaye mkono wangu ulikuwa bado unapapasa mfuko wa suruali kila asubuhi, unazitafuta. Simu iliyokuwa ikilia tangu alfajiri ilinyamaza kabisa. Fomu za mafao nilizijaza zote, ila sikuwa nimejiuliza hata mara moja nitaamkia nini.

Fedha sasa. Chukueni mwalimu mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,200,000, amechangia miaka 30, yaani miezi 360. Kwenye kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, miezi hiyo inagawanywa kwa 580, kisha hesabu inaendelea. Akilipwa asilimia 40 ya mafao yake kwa mkupuo, yaani kwa mara moja, anapata kama milioni 44.7, na pensheni yake ya mwezi inakuwa kama 447,000. Hiyo ya pili isikilizeni vizuri, jamani. Macho yetu huganda kwenye mamilioni, kumbe mtakayoishi nayo ni hiyo laki nne na nusu.

Mkupuo wangu mimi niliununulia bajaji mbili. Kazi ile sikuijua, wala sikuwa na mtu wa kuisimamia. Moja ilipinduka kabla ya mwaka kwisha, nyingine ikaishia gereji. Mke wangu alikuwa amenikataza na sikumsikiliza. Hilo linaniuma kuliko bajaji zenyewe.

Ndiyo maana nawaomba: uliyefika miaka 55, umri wa hiari, kaa na mwenzako mjaribu miezi mitatu kula kwa kiasi cha pensheni yenu. Kinachobaki kiwekeni kando. Mtajua mapema kama nyumba inahimili, na mtakuwa bado na miaka 5 ya kurekebisha kabla ya 60.

Na mkorosho usingoje mkupuo. Mche wa kisasa huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu, lakini mavuno ya maana huja baadaye. Ukipanda na miaka 50, ukistaafu unakuta shamba limesimama. Palizi, kupogoa, kupuliza salfa, ile dawa ya ukungu, yajifunze mshahara ungali unaingia, maana shamba linataka pesa mkononi. Tena korosho ni ya msimu: minada huanza mwezi wa kumi, ikiisha imeisha. Hapo katikati ni pensheni tu inayoweka chungu jikoni.

Watoto nao waambieni ukweli wa kiasi mtakachopata, kabla hawajaanza kukipangia.

Mimi nilichelewa kupata pa kwenda. Siku hizi watoto watatu wa jirani huja barazani kwangu saa kumi na madaftari ya hesabu, na nikichelewa hunifuata hadi msikitini. Kwa hiyo maswali tuyachukue sasa.