Hewa Haiingii Isipopata pa Kutokea: Mhadhara kwa Mafundi na Wenye Magari ya Zamani, Dodoma

Ndugu mafundi, wazee wetu wenye magari, na akina dada wa umeme wa magari mliokaa pale nyuma, karibuni. Twende moja kwa moja.

Mteja analeta gari la zamani, analalamika kwamba ndani kunachemka. Gereji nyingi humwuzia feni, kwa sababu feni ndiyo inayouzika. Inafungwa, inavuma, mteja analipa, na akifika Bahi shati limemgandia mgongoni vilevile. Kabini ikishajaa hewa isiyo na pa kutokea, feni haina pa kuisukumia nyingine.

Gari likitembea, hewa hugandamizwa chini ya kioo cha mbele. Ndiyo maana mdomo wa kuingizia hewa huwekwa pale. Kwenye kona za nyuma za bodi mgandamizo hupungua, na huko ndiko hewa hutaka kutokea. Magari mengi ya miaka ya 1950 yalipewa mdomo wa kuingizia tu. Kutoka kulitegemea dirisha. Ford walipoiboresha Cortina mwaka 1964 waliiwekea matundu ya kutolea hewa nyuma. Volkswagen Beetle iliyapata yale ya umbo la mwezi mchanga, nyuma ya vioo vya pembeni, kuanzia modeli ya 1971. Mwenye Beetle ya kabla ya hapo asihangaike kuyatafuta, hayakuwahi kuwepo.

Kabla ya kugusa spana, pimeni hivi. Nendeni kilomita 60 kwa saa, madirisha yote yamefungwa, mdomo wa hewa uko wazi, feni imezimwa. Weka kiganja kwenye tundu la dashibodi. Mwenzako wa kiti cha nyuma afungue kioo sentimita 2 hivi. Upepo ukiongezeka kiganjani palepale, njia ya kutokea ndiyo imeziba au haipo. Usipobadilika, rudi mbele, kwenye mdomo wa kuingizia hewa.

Kwenye Land Rover za Station Wagon zenye paa la pili la kukinga jua, angalieni vifuniko vidogo vya hewa darini. Mara nyingi vimepakwa rangi juu ya rangi mpaka vikaganda. Kata rangi ukingoni kwa wembe, usivikwanyue kwa bisibisi. Ila jambo moja naomba lisipuuzwe: msiufanye mlango wa nyuma kuwa njia ya kutolea hewa. Gari lenye mgongo wima huvuta moshi wa ekzosti na vumbi la barabarani kurudi ndani, na ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu. Ukitoboa tundu jipya, liwe juu, pembeni, mbali na bomba la moshi, na liwe na ulimi wa mpira mwembamba unaofunguka kwenda nje tu.

Sasa njooni mbele. Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ina vifuniko viwili vya bati chini ya kioo, bawaba zake ziko juu na vinafunguliwa kwa vishikio vya ndani. Bodi ni ya alumini, lakini ukuta huu unaobeba vifuniko, ulio kati ya injini na kabini, ni wa chuma, na kutu huanzia hapahapa. Bawaba ikiganda, mwenye gari huongeza nguvu, na kinachopinda ni bati la kifuniko. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu, acha usiku kucha, kesho cheza na kishikio taratibu mbele na nyuma. Kifuniko kilichopinda hakifungi tena hata ukiweka mpira mpya.

Mpira wenyewe wa kuziba ukingo wa kifuniko: chagueni wenye vinyweleo vilivyofungika, ule ambao ukiubana ndani ya maji hautoi mapovu. Sponji ya godoro, ambayo naiona kwenye magari mengi, inanyonya maji ya mvua na kuyalaza juu ya chuma. Kwangua gundi ya zamani mpaka bati lionekane, pita na msasa, paka praima, iache ikauke. Paka gundi ya kontakti pande zote mbili, ngoja kama dakika 10 mpaka isishike kidole, ndipo ubandike. Usiuvute mpira unapobandika. Ukivutwa utarudi wenyewe na kuacha pengo. Maungio yakae upande wa chini, maji yanayoteremka yasiyakute.

Kisha pakeni chaki kwenye ukingo wa chuma, fungeni kifuniko, fungueni tena. Mpira unapaswa kuwa na mstari mweupe usiokatika. Mstari ukikatika, pale ndipo vumbi jekundu litaingilia. Baadaye washa kijiti cha udi, injini imezimwa, feni ya ndani imewashwa kwa kasi ya juu na kila kitu kimefungwa. Pitisha moshi upande wa injini, kwenye matundu ya waya, kebo na pedali. Moshi ukipeperushwa na hewa inayotoka kabini, ziba kwa mpira wa tundu. Joto la injini hupitia njia hizohizo. Gari la umri huu likiwa na vitambaa vya kuzuia joto vya kizamani kwenye ukuta huo, msivikwangue vikavu wala kuvipuliza kwa kompresa, maana baadhi vina asbesto.

Na kabla hamjalaumu jua la Dodoma, shikeni hozi mbili zinazokwenda kwenye hita. Zote zikiwa za moto wakati swichi iko kwenye baridi, koki ya maji haifungi, na mnajipikia miguu. Badilisha koki, au unganisha hozi hizo mbili upande wa injini kwa kipande cha bomba na klempu mbili. Usizibe moja tu ukaacha nyingine.

Haya, feni. Kabla ya kuitupa, pima volti kwenye vituo vya mota yenyewe, ikiwa inazunguka kwa kasi ya juu. Betri ikionyesha 13.8 na mota inapata 11.5, mota haina kosa. Pima tena kati ya ganda la mota na kichwa hasi cha betri: zaidi ya volti 0.2 maana yake ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi, ni mbovu. Mara nyingi ni skrubu moja iliyopakwa rangi. Suluhisho la kudumu ni rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Fuateni namba za miguu yake: namba 30 kutoka betri kupitia fyuzi ya ampia 15, waya wa milimita 2.5 za mraba, 87 kwenda kwenye mota, 86 kutoka swichi, 85 ethi. Ile kasi ndogo iache ipite kwenye rezista yake ya zamani.

Fyuzi za kioo za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, zinawachanganya wengi. Iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampia 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni karibu nusu ya hapo. Ukiweka fyuzi ya kisasa ya 35 mahali pake, waya utaungua kabla yake.

Mota inayolia isafishwe: msasa laini wa namba 400 kwenye shaba ya komyuteta (sehemu ya mota inayosuguliwa na brashi), kamwe si kitambaa cha emeri, kwa kuwa punje zake hubaki kwenye mifereji. Bushi za shaba, zile pete zinazoshika mhimili wa mota, zipewe matone mawili ya oili ya SAE 30. Grisi haizami ndani yake.

Mkiweka mota ya mtumba, chagueni yenye feni ya kikapu, ile ya mapezi madogo yaliyozunguka kama pipa, siyo feni ya panga kama ya kompyuta, kwani panga hushindwa pale hozi inapobana. Angalieni inazungukia upande gani. Kikapu kikizunguka kinyume bado kinapuliza, ila kidogo, na mafundi wengi huridhika wakidhani ndiyo nguvu yake. Vilevile msipunguze hozi kutoka milimita 63 hadi 50 eti kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani. Kwa hewa ileile, ukinzani unaongezeka zaidi ya mara tatu.

Kuna aliyeuliza kuhusu chujio la vumbi. Linafaa, lakini liwe na eneo kubwa kuliko mdomo wenyewe, angalau mara tatu, la sivyo umeweka kizibo. Mbele yake weka wavu wa kuzuia majani ya migunga na panya, na kabla ya mvua za Desemba pitisha waya kwenye matundu ya kutolea maji chini ya mdomo huo. Yakiziba, maji yatamwagikia miguuni kwa abiria. Sponji ya chujio ifuliwe kwa maji na sabuni, ikaushwe kivulini.